Khitma ya Mashairi ya Kizungu

Kitabu kilikuwa kimoja. Nakala nyengine zilikuwepo zamani, lakini kila darasa lililomaliza skuli liliondoka na mbili tatu, na sisi tulipofika kidato cha tano tukaikuta iliyobaki kwenye kabati la mwalimu, jalada lake limeshikizwa kwa utepe wa gundi. Ilikuwa diwani ya mashairi ya Kiingereza iliyopangiwa mtihani wa taifa wa Fasihi. Mwalimu aliiweka juu ya meza, akaifungua katikati ili atusomee, mgongo wake ukakatika, na karatasi zikamwagika chini mafungu mafungu.

Tuliinama kuziokota. Tulikuwa wanafunzi saba tu, kwa sababu skuli nzima ilijua kwamba mchepuo wa lugha ni wa watu waliokimbia hesabu. Shoga yangu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tano, aligongagonga fungu lake mezani mpaka kingo zikalingana, akalitazama, akasema, "Hizi zishakuwa juzuu."

Wote tukaelewa anachosema. Kwetu mtu akifa, au akihamia nyumba mpya, watu huitwa kusoma khitma. Hutolewa sanduku lenye juzuu thelathini za Kurani, kila moja imejaladiwa peke yake, na kila aliyekuja huchukua moja. Husoma wote kwa wakati mmoja, kila mtu yake, sauti zimepandana hata huwezi kulidaka neno la jirani yako, na kabla ya magharibi msahafu mzima umekwisha. Dua huombwa, halua hugawiwa, na kila aliyekuwepo huhesabiwa kuwa ameihudhuria khitma kamili. Nimesoma khitma nyingi, na kila mara mkono wangu hukimbilia juzuu ya mwisho, kwa sababu ndiyo niliyoihifadhi tangu chuo cha Kurani.

"Tugawane," shoga yangu alisema. "Kila mtu achukue fungu lake, alisome mpaka alijue, halafu awaandikie wenzake muhtasari. Kitabu kitakuwa kimesomwa."

"Na thawabu zake tunampelekea nani?" aliuliza mvulana mmoja wa Nungwi, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake Kiembe Samaki ili asome mjini. Huyu hakuwahi kuiacha sentensi ikapita bila ya kuipiga teke.

"Mwalimu," mwengine akajibu.

"Kwani kafa?"

"Akianza kusahihisha karatasi zako atakufa."

Mwalimu mwenyewe alicheka. Alikuwa kijana, hajatupita sana kwa umri, na alichokizoea ni kutusomea manoti na sisi kuandika. Mimi niliinua mkono nikauliza kama inafaa kitabu cha mtihani kikafanyiwa mambo ya khitma.

"Ushaanza!" darasa zima likasema kwa pamoja. Neno hilo lilikuwa karibu liwe jina langu.

Nilikuwa nimeuliza swali lisilo sahihi. Sahihi lilikuwepo hapo hapo mezani, limelala baina ya yale mafungu, na katika watu saba hakuna aliyeliona.

Lazima niseme kwa nini mtihani ule ulikuwa mzito kwangu kuliko kwa wenzangu. Baba yangu ni mtu wa maabara ya hospitali. Umri wake wote ametazama damu za watu kwa hadubini, na nyumbani kwetu huwezi kusema kitu usiulizwe umejuaje. Ukisema nje kuna joto, anauliza, "Umepima?" Ukisema jirani kakasirika, anauliza, "Kakwambia mwenyewe?" Nimekulia ndani ya maswali hayo kama watoto wengine wanavyokulia ndani ya moshi wa ubani. Nilipomwambia kwamba nimeacha Kemia nimechagua Fasihi ya Kiingereza, hakufoka. Alivua miwani.

"Shairi," alisema, "utalipima kwa nini?"

Nilisema tu kwamba naipenda Fasihi na nataka kuisoma mpaka chuo kikuu.

"Haya. Kasome. Lakini matokeo yasipokupeleka chuo kikuu, hakuna kurudia mtihani. Unakwenda chuo cha afya, unasomea maabara, na habari ya mashairi inakwisha. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, baba."

Kazi ya maabara si kazi mbaya. Imetulisha na imetuvisha. Ila mimi nilimwona baba kila jioni akirudi na majibu mkononi: ndiyo au siyo, ipo au haipo. Mimi nilitaka mambo ambayo ukishayajibu bado yanakutazama.

Basi tukagawana diwani. Fungu langu lilikuwa na shairi la mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Anafika mlangoni, anakuta mlango umebadilishwa, ufunguo wake hauingii, anabisha hodi, sauti ya ndani inamuuliza ni nani, na shairi linakwisha kabla hajajibu. Shoga yangu alipata la mwanamke anayefua shati. Mvulana wa Nungwi alipata la mlevi anayeihutubia chupa yake barabarani, akalipenda kama ndugu yake. Kila mmoja alilinyonya lake. Mimi mlango ule niliujua mpaka rangi yake. Nilijua neno gani limerudiwa na wapi pumzi inakatika. Halafu tukaandikiana muhtasari, nusu ukurasa kwa kila shairi, tukapelekeana kwa simu. Kila muhtasari, uwe wa mvua, wa daraja au wa mlevi, ulimalizika vile vile yalivyomalizika manoti ya mwalimu: mshairi anaitaka jamii ipambane na umasikini.

Tuliingia kwenye mtihani wa majaribio tumetulia kabisa. Kitabu kizima kilikuwa kimesomwa. Mwenye kutaka ushahidi angekwenda kuhesabu mafungu.

Kila swali la ushairi lilitaka mashairi mawili.

Hapo ndipo lile swali nisiloliona, la nani atanijibia mashairi ya wenzangu, lilipotoka chini ya meza likakaa mbele yangu. Niliandika kurasa mbili kuhusu mlango, nikaandika kwa raha. Halafu nikahitaji shairi la pili, na nilichokuwa nacho kichwani ni nusu ukurasa wa shoga yangu: mama masikini, shati moja, sabuni kidogo, jamii ipambane. Nikazungusha maneno hayo, na swali la pili nikamtia mlevi wa kwenye manoti, mpaka kengele ikapigwa. Wenzangu sita walikuwa wakifanya hivyo hivyo, kila mmoja ana mguu mmoja wa chuma na mmoja wa karatasi.

Mwalimu alirudi na majibu uso umemkauka.

"Watu sita mmeniandikia kwamba mlevi ni alama ya serikali," alisema. "Sita! Kwa maneno yale yale. Nani kakwambieni?"

Mvulana wa Nungwi, ambaye ndiye pekee aliyeandika jengine kuhusu mlevi, akasema kwa adabu, "Wewe, mwalimu. Kwenye manoti."

Mwalimu alikaa juu ya dawati la mbele. "Na mimi niliambiwa," alisema. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote zilizotangulia.

Nilikuwa nimefeli. Nilimpa baba karatasi, akaisoma yote kwa utaratibu wake, nyekundu kwa nyekundu. Halafu akaikunja.

"Hichi ni kipimo cha mwanzo," alisema. "Tunangoja cha pili. Watu wa chuo cha afya nshazungumza nao."

Ningependa afoke. Mtu akifoka unaweza kugombana naye.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na khitma nyumba ya tatu kutoka kwetu, ya bibi mmoja aliyefariki. Nilikwenda na mama. Wanawake tulikaa ghorofani, miguu imekunjwa, sanduku la juzuu likapita, na kwa mara ya kwanza mkono wangu haukukimbilia juzuu ya mwisho. Nilichukua iliyokuja. Sauti zikapanda. Kulia kwangu mama anasoma yake, kushoto mtu mwengine anasoma yake, na mimi nimekaa katikati nasikia vipande vya kila mmoja. Nikafikiri: hapa hakuna atakayeniuliza habari ya juzuu ya mama. Khitma inasomwa kwa Mwenye kuzisikia zote kwa pamoja. Lakini msahihishaji anasikia mdomo mmoja tu. Sisi tulichukua jambo lililo sawa kabisa mahali pake tukalipeleka mahali ambapo haliwezi kufanya kazi, na tulilichukua kwa kuwa mikono yetu imelizoea tangu utotoni. Nilikaribia kucheka, mama akanitazama, nikainamia ukurasa.

Siku ya pili nikawaambia wenzangu.

"Mafungu yazunguke," nilisema. "Kila siku mmoja akae na shairi lake, sisi sita tumshambulie. Manoti marufuku. Ukisema kitu, unaweka kidole kwenye mstari unaokithibitisha. Huna mstari, karatasi inakutoka mkononi inakwenda kwa aliyekuuliza."

"Hiyo ni khitma au mahakama?" aliuliza mvulana wa Nungwi.

"Nyumbani kwao ndivyo wanavyokula chakula cha mchana," shoga yangu akamjibu. "Wewe hujawahi kukaa na baba yake."

Darasani hatukuruhusiwa kubaki baada ya alasiri, kwa hivyo tukahamia bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Saa zile wauzaji wa vyakula wanaanza tu kupanga meza zao, mabenchi bado matupu, na mtu anaweza kupiga kelele asimkere yeyote. Siku ya kwanza alikaa mvulana wa Nungwi na mlevi wake.

"Mlevi huyu ni mpweke," alianza.

"Onesha mstari."

"Anazungumza na chupa, bwana! Mtu mwenye watu anazungumza na chupa?"

"Wewe unazungumza na kuku wa mjomba wako."

"Kuku wananijibu!"

Muuza juisi ya miwa, aliyekuwa akiosha mashine yake karibu yetu, alituita. "Hebu nyie! Mnagombana kwa Kizungu toka saa kumi. Nyinyi papasi gani msiokuwa na mtalii wa kumtembeza?"

"Tunasomea mtihani, mjomba."

"Mtihani wa kugombana?"

"Huo huo."

"Basi huyo mrefu atafaulu," alisema akimnyooshea kidole mvulana wa Nungwi, akaendelea kuosha mashine.

Lakini yule mrefu alishindwa siku hiyo hiyo. Aliulizwa kwa nini mlevi kila akimaliza kuhutubia huipangusa chupa kwa shati lake, na hakuwa amewahi kuuona huo mstari, juu ya mapenzi yake yote. Karatasi ikamtoka. Kesho yake alirudi amelihifadhi shairi zima na mawili ya wenzake, ana hamu ya kulipiza kisasi. Ndivyo mashairi yalivyoanza kutembea. Sentensi ya umasikini ilikufa mapema, kwa sababu kila aliyeitamka alisikia watu sita wakisema, "Onesha mstari," na mara nyingi mstari wenyewe haukuwepo. Mwalimu alipata habari, akaja siku moja kusikiliza, akakaa mwisho wa benchi. Alithubutu kusema kitu kuhusu shairi la daraja. Tukamwambia aoneshe mstari. Alitafuta, hakuuona, na kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila wiki.

Zamu ya shoga yangu ilifika. Alikaa na shati lake kwenye mapaja. Alikuwa mtu wa sauti, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kasida kwenye maulidi za mtaani kwetu, na alilisoma shairi vizuri mno: mwanamke anateka maji, analoweka shati, analisugua kola, analianika, analipiga pasi, analikunja. Wiki ya pili anaanza tena.

"Ni mama masikini," alisema. "Mwanawe ana shati moja tu."

"Onesha mstari wa umasikini," nilisema.

"Si shati moja!"

"Shati moja lililotajwa. Haijasemwa kwamba hana jengine."

Akakubali. Nikaendelea, maana nilikuwa nimelala na shairi lile usiku mzima kichwani.

"Nani analivaa?"

"Mwanawe."

"Onesha mstari."

Alianza juu akashuka na kidole. Alirudi juu tena. Tulimwona kidole kikipita kwenye maji, kwenye sabuni, kwenye kola, kwenye kamba, kwenye pasi. Hakuna mahali katika shairi lile mtu alipolivaa shati.

"Kama halivaliwi," nilisema, "linafuliwa kila wiki kwa nini? Limechafuliwa na nini?"

"Vumbi," alisema mvulana wa Nungwi, na safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye.

Shoga yangu alikirudisha kidole kwenye mstari wa kamba, akakiacha hapo. Kila mmoja wetu alimjua kaka yake, aliyekwenda Maskati kutafuta kazi tulipokuwa bado watoto wa sare fupi. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Siku hizi hapigi, na nyumbani kwao jina lake hutajwa kwa uangalifu, kama unavyobeba bakuli lililojaa mchuzi.

"Kitanda chake kipo mpaka leo," alisema mwisho. "Mama kila Alkhamisi anabadilisha shuka. Hakuna anayekilalia. Mimi ndiye ninayezianika shuka hizo, na mimi ndiye ninayezianua. Na shairi hili nimelisoma mwaka mzima nikaandika sabuni kidogo."

Upepo ulitaka kuichukua karatasi, akaishika kwa viganja viwili. Kisha akaninyooshea. "Chukua. Umenishinda."

"Sikukushinda, umejibu swali."

"Mstari hakuuonesha!" alilalamika mmoja wetu.

"Kauonesha wa kwao," alisema mvulana wa Nungwi kwa upole ambao sikujua kama anao. "Tulia wewe."

Mimi nikadhani nimeshalimaliza shairi. Nikasema, kwa ile sauti ya baba akitoa majibu, "Kwa hivyo mtoto kafa."

Shoga yangu akainua kichwa. "Onesha mstari."

Niliichukua karatasi. Nilitafuta kaburi, nikatafuta kilio, nikatafuta hata kitenzi kimoja cha wakati uliopita. Kila kitenzi kilikuwa cha sasa. Anateka, analoweka, anakunja. Nilijua kabla ya kufika chini kwamba sina.

"Huna," alisema. "Haijasemwa kafa. Hajarudi tu. Na mama hafui nguo ya maiti, anafua nguo ya mtu atakayekuja kuivaa. Usimuue mtu wa watu."

Watu wakapiga makofi, muuza juisi naye akapiga, bila ya kujua kwa nini. Nimeshindwa mara nyingi kwenye mabishano na nimechukia kila mara. Ile ni mara ya pekee niliyoshindwa nikahisi nimepewa kitu. Nilimrudishia karatasi yake, nikamkabidhi na ya mlango juu yake.

"Soma na hili," nilimwambia.

Alilisoma. Mtu anarudi, ufunguo hauingii, sauti inauliza ni nani. Mimi mwaka mzima nilikuwa nikisema mlango ni ukoloni.

"Huyu huyu ndiye mwenye shati," alisema.

Hatukuwa na mstari wa kuthibitisha hilo. Mashairi mawili yameandikwa na watu wawili wasiojuana, wa nchi mbili. Lakini tuliyaweka upande kwa upande kwenye benchi, tukaona kwamba kila moja linalisikiliza jengine: yule wa ndani anangoja kubishiwa hodi, yule wa nje anaogopa kuulizwa jina lake.

Siku ya mtihani wa taifa mvua ya masika ilikuwa ikipiga bati la ukumbi hata msimamizi akawa anatuelekeza kwa ishara. Niligeuza karatasi. Swali la ushairi lilituuliza namna vitu vya kawaida vya nyumbani vinavyobeba uzito mkubwa, kwa mifano ya mashairi mawili. Nilitazama dirishani kwanza, kwa sababu nilihisi uso wangu unataka kucheka na msimamizi angedhani naibia. Safu ya mbele niliuona mgongo wa shoga yangu. Alikuwa ameshaanza kuandika.

Niliandika kama mtu anayesimulia habari za jirani zake. Kila nilichokisema nilikiwekea mstari wa shairi chini yake, na kila nilipofika mahali ambapo shairi linanyamaza, nilisema kwamba hapa limenyamaza, na nikaeleza ukimya huo unafanya kazi gani. Sikumuua mtu. Sikuitaka jamii ipambane na chochote. Kengele ilipopigwa mkono uliniuma mpaka begani.

Nje tulijibana barazani kukimbia mvua.

"Umeandika nini?" shoga yangu aliniuliza.

"Mlango na shati. Wewe?"

"Shati na mlango."

"Mimi mlevi na chupa," alisema mvulana wa Nungwi.

"Chupa si kitu cha nyumbani!"

"Kwake yeye ndiyo nyumba. Mstari ninao."

Matokeo yalitoka mchana wa siku ya kazi. Baba alirudi mapema, jambo ambalo halifanyi, akaniomba namba yangu ya mtihani na kuitafuta mwenyewe kwenye simu yake. Alikaa ukumbini, miwani puani, akisoma mstari kwa kidole kama anavyosoma majibu ya wagonjwa. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba alisoma mara moja, akaisafisha miwani kwa pembe ya kanzu, akasoma tena.

"Fasihi ya Kiingereza," alisema.

"Naam, baba."

"Hii sampuli ni yako kweli?"

"Yangu."

"Haijachanganyika na ya mtu?"

"Baba!"

"A," alisema. Kisha akamgeukia mama, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, "A! Kapata A!" Na mama akapiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani, mwiko juu, mchuzi unadondoka.

Nilijua hapo hapo kwamba nakwenda. Chuo kikuu nimeshakimaliza sasa, na huko nimewataka watu wenye vyeo vikubwa na nadharia ndefu wanioneshe mstari. Baadhi yao hawakupenda. Waliopenda ndio walionifundisha kitu.

Kwa sababu tulifaulu wote saba, mvulana wa Nungwi alisema khitma haijafungwa bado, na tusipoifunga itatudai. Siku ya pili alasiri tukakusanyika nyumbani kwa shoga yangu, kila mtu na fungu lake. Mama yake alitutandikia mkeka na kutuletea kahawa. Mwalimu alikuja na sindano ya kushonea magunia na uzi mzito, akaanza kukishona kitabu upya, na tukakubaliana mafungu yasirudi yalivyokuwa: shati na mlango vikae pamoja. Darasa lijalo litashangaa nambari za kurasa. Kabla ya kumkabidhi kila fungu tulilisoma kwa sauti, na sharti lilikuwa husomi la kwako. Mimi nilipewa shati.

Nilikuwa sijaanza nilipomsikia baba akibisha hodi. Alikuwa amebeba kikapu kidogo cha halua, bado ya moto. Alisema amekuja kuileta tu na anaondoka.

"Kaa, baba," shoga yangu alimwambia. "Khitma huondoki kabla ya kwisha."

Akakaa, akavua kofia, akaiweka gotini. Nikasoma lile shairi, na kwa kuwa yumo ndani ya nyumba mama wa shoga yangu, nilikuwa nikisoma ubeti kwa Kiingereza kisha naueleza kwa Kiswahili. Maji, sabuni, kola, kamba, pasi. Mama wa shoga yangu alisikiliza na birika la kahawa mkononi, hakumimina. Nilipomaliza alisema, "Naam. Ndivyo," akaanza kugawa vikombe, na kikombe cha mwanzo akampa binti yake.

Baba alikuwa ameinama. Nilimjua, alikuwa na swali.

"Hilo shati," alisema. "Kama halivaliwi, kwa nini analifua kila wiki?"

Watu saba na mwalimu wao wakatazamana. Mvulana wa Nungwi alikwishaanza kutabasamu. Nilimpelekea baba karatasi, nikaitandaza juu ya mkeka mbele yake, kando ya halua.

"Hebu tafuta, baba," nilisema. "Ukipata, tuoneshe mstari."

Akatoa miwani yake mfukoni, akaanza kutafuta.